Siklofilini na kinga ya mwili: maswali ninayoulizwa kila mara hapa Bukavu

Nafanya kazi ya labo, na siku nyingine nasimamia mazoezi ya wanafunzi wanaosomea kinga ya mwili. Maswali haya yametoka pande mbili. Kuna wanafunzi wanaoandika TFC zao, yaani kazi za kumaliza masomo, waliokutana na neno siklofilini katika kitabu cha Kifaransa na hawakupata mtu wa kuwaelezea. Kuna pia wazazi, wengi wao akina mama, wanaokuja na ordonansi ya siklosporini, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, mkononi na wasiwasi usoni. Nimeyaacha karibu jinsi yalivyoulizwa. Mengine nimeyajibu kwa urefu kwa sababu hapo ndipo watu wanapopotea njia.

Siklofilini ni kitu gani, kwa maneno ya kawaida?

Ni ukoo wa protini unaopatikana karibu katika kila kilicho hai: mtu, ng'ombe, mahindi, hamira, hata bakteria. Binadamu ana aina 17 hivi. Tutakazozungumzia zaidi ni mbili. Siklofilini A ina asidi amino 165 (shanga zinazounda uzi wa protini), ni ndogo, na imejaa tele katika majimaji ya ndani ya seli. Siklofilini B ni kubwa kidogo kuliko dada yake, na ina kipande cha mwanzo kinachoielekeza kwenye njia ya protini zinazotayarishwa ili zitoke nje ya seli. Kuna pia D, inayokaa ndani ya mitokondria na kushiriki katika kifo cha seli, lakini hiyo ina hadithi yake.

Kazi yao ya kuzaliwa nayo ni kupindisha. Protini hutengenezwa kama uzi, kisha uzi hujikunja hadi upate umbo. Kila palipo na asidi amino inayoitwa prolini, uzi unaweza kukaa kwa namna mbili, na kugeuka kutoka namna moja kwenda nyingine bila msaada huchukua sekunde nyingi, wakati mwingine dakika. Mama anayesuka kitunga anajua mahali ambapo unyasi hukataa kupinda: huweka kidole gumba hapo hapo, na unakubali. Siklofilini ndiyo kidole gumba hicho. Kwa sehemu ndogo ya sekunde prolini imegeuka, na kazi inaendelea.

Mbona jina linafanana na la dawa?

Kwa sababu protini iligunduliwa kwa kuifuata dawa. Mwaka 1969 mfanyakazi wa kampuni ya Sandoz ya Basel, Uswisi, alichota udongo kwenye uwanda wa juu wa Hardangervidda, Norway, alipokuwa mapumzikoni. Katika udongo ule mlikuwa na kuvu aina ya Tolypocladium inflatum. Kampuni ilikuwa inatafuta dawa za kuua kuvu wengine. Ilichopata, mwanzoni mwa 1972, ni kitu kilichotuliza kinga ya panya bila kuharibu uboho wao. Kitu hicho ndicho siklosporini, pete ya asidi amino 11. Mwaka 1978 daktari mpasuaji Roy Calne wa Cambridge akaijaribu kwa wagonjwa waliopandikizwa figo, na mwaka 1983 Marekani ikaikubali rasmi.

Lakini hakuna aliyejua inashika nini ndani ya seli. Mwaka 1984 Robert Handschumacher na wenzake wa Yale walichukua seli za tezi ya timusi ya ng'ombe, wakatafuta protini inayong'ang'ania dawa hiyo, wakaipata, wakaiita siklofilini, yaani mpenzi wa siklosporini. Mwaka ule ule, Ujerumani, Gunter Fischer alieleza enzimu inayogeuza prolini, aliyoitoa kwenye figo la nguruwe. Watu wakaendelea kufanya kazi pande mbili bila kujua wanamtafuta mtu mmoja. Ilikuwa mwaka 1989 ndipo ikaonekana kwamba enzimu ya Fischer na protini ya Handschumacher ni kitu kilekile. Nawaeleza wanafunzi hadithi hii kila mwaka kwa sababu inawafundisha kusoma makala za fani ya jirani.

Kama ni fundi wa kupindisha uzi ndani ya seli, kinga inaingiaje?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na jibu lake ndilo nguzo ya ukurasa huu: uliza kwanza protini iko wapi, ndipo uulize inafanya nini.

Ndani ya seli siklofilini A ni fundi. Ikitoka nje, inakuwa tarishi: seli nyingine huisoma kama habari ya hatari na kuanza kusogea. Hili lilionekana mwaka 1992, pale watafiti walipozichokoza makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu, kwa sumu ya ukuta wa bakteria, kisha wakapima zilichomwaga nje. Katika vilivyomwagwa walikuta siklofilini, na waliona inavuta seli nyeupe nyingine ziifuate. Protini ni ileile, asidi amino 165 zilezile. Kilichobadilika ni mahali.

Mtu wa hapa haoni ajabu. Mwanajeshi akikaa kambini ni jirani. Akishuka barabarani usiku na bunduki, mtaa mzima unafunga milango. Hatuulizi amebadilika nini.

Inatokaje nje ya seli?

B hupita mlango wa kawaida wa protini za kutoka. A haina kibali hicho, lakini hutoka: seli ikifa vibaya na kupasuka inamwagika, na seli hai zilizosumbuliwa huitoa katika vifuko vidogo. Misuli ya mishipa ya damu, kwa mfano, huitoa inapopata mkazo wa oksijeni kali. Ndiyo maana wanaochunguza magonjwa ya mishipa ya damu nao wameingia katika shamba hili.

Ikiwa nje, inajishika wapi juu ya seli?

Hapa naomba uvumilivu.

Fikiria mtumbwi unaokuja ufukweni mwa Ziwa Kivu mahali penye matete. Kabla ya kufika kwenye mti wa kufungia kamba, mtumbwi hunaswa na matete. Matete hayaufungi. Yanaupunguzia mwendo, yanauweka karibu, na mvuvi ananyoosha mkono hadi kwenye mti. Juu ya seli pia kuna matete na kuna mti.

Matete ni minyororo ya sukari yenye salfati inayoota juu ya utando wa seli, hasa ile inayoitwa heparani sulfati. Ina chaji hasi nyingi. Siklofilini B ina mwanzoni mwake asidi amino tatu za lisini zilizopangwa mfululizo, na lisini ina chaji chanya, kwa hiyo zinavutana. Watafiti wa Lille, Ufaransa, wamefanya kazi ya miaka mingi juu ya jambo hili. Walionyesha kwamba limfositi T ya binadamu, yaani seli T, aina mojawapo ya seli nyeupe, ina mahali pa aina mbili pa kuishikia siklofilini B. Aina ya kwanza ni kipokezi ambacho, kikiishaikamata, huimeza na kuipeleka ndani. Aina ya pili ni hiyo minyororo ya sukari. Ukiikata minyororo kwa enzimu, au ukiweka heparini nyingi, mnyororo wa sukari unaofanana nayo, katika chupa ili ichukue nafasi yake, sehemu ile ya pili ya kushika inapotea. Jaribio hilo nalipenda kwa sababu linaeleweka hata ubaoni, bila mashine.

Mti wa kufungia ni CD147, inayoitwa pia basigini. Ni protini inayopenya utando wa seli, na inapatikana karibu kila mahali mwilini: seli nyeupe, seli nyekundu, mishipa, ubongo. Mwaka 2002 ilielezwa kwamba siklofilini A iliyo nje hutuma ujumbe wake kupitia kwake. Katika CD147 kuna prolini iliyo nafasi ya 180. Ukiibadilisha, ujumbe haupiti. Tazama jinsi mambo yanavyorudi palepale: fundi wa prolini anakwenda kugusa prolini ya kipokezi.

Kwa nini mahali pawili? Mahali pamoja tu hapatoshi?

Katika seli T za kumbukumbu, zile zilizokwisha kukutana na adui, ukiondoa sukari, siklofilini B hushindwa kuzifanya zisogee na kujibandika, hata kama CD147 ipo. Ukizuia CD147, sukari pekee nayo haitoshi. Vinahitajiana. Sukari inakusanya na kuiweka protini karibu, kipokezi kinapeleka habari ndani. Kuna protini moja, sindekani-1, inayobeba minyororo hiyo ya heparani sulfati, na imeonekana ikisimama jirani na CD147 pale kazi inapofanyika.

Kuna faida nyingine ya matete. Ujumbe unaoelea katika damu inayokimbia ungeondoka na maji. Ukinaswa juu ya ukuta wa mshipa, unabaki palepale penye shida, na seli nyeupe zikipita zinajua ni hapa pa kushuka.

Ikishashika, seli inafanya nini hasa?

Ndani ya dakika chache kalsiamu hupanda na enzimu za kupeleka ujumbe ndani, kama ERK, huwashwa. Kisha seli hutembea kuelekea kule siklofilini iliko nyingi. Seli nyeupe za aina mbalimbali hufanya hivyo: nyutrofili, eozinofili na seli T. Seli T za kumbukumbu hufanya jambo la ziada: hushika kwa nguvu fibronektini, ile gundi iliyo kati ya seli, kwa kukaza integrini zao, yaani mikono ya kushikia. Kutembea na kujibandika ni mambo mawili yanayohitajika ili seli itoke kwenye damu na kuingia kwenye nyama yenye ugonjwa.

Kwa hiyo ni rafiki au adui?

Wanafunzi wanataka neno moja, na siwapi. Majimaji ya goti la mgonjwa wa baridi yabisi yamekutwa na siklofilini A nyingi kuliko kawaida. Pale inaendelea kuita seli nyeupe kwenye kiungo ambacho hakina adui. Hiyo ni hasara. Lakini panya waliozaliwa bila siklofilini A hawakuwa na afya njema zaidi. Waliishi, lakini kope zao zilivimba kwa mzio, kwa sababu kundi moja la seli T, lile linalochochea mzio, lilikosa wa kulituliza. Jambo hilo lilichapishwa mwaka 2004. Ndani ya seli T, siklofilini A hushika breki ya enzimu iitwayo Itk. Breki ikitoka, seli hupaza sauti kupita kiasi.

Nje inachochea, ndani inatuliza. Hayo ninayajua, na ninawaomba wanafunzi wayaandike hivyo hivyo, pamoja na mahali.

Je, siklosporini inazima kinga kwa kuizuia siklofilini isipindishe prolini?

Hapana. Hata mimi nilifundishwa hivyo, na nilikuja kujisahihisha baadaye. Dawa kweli huziba mahali pa kazi pa enzimu. Lakini siyo kwa sababu hiyo seli T hunyamaza.

Mwaka 1991 Jun Liu, Stuart Schreiber na wenzao walionyesha kwamba siklosporini na siklofilini A, zikiungana, huwa kitu kipya, na kitu hicho hukamata protini ya tatu: kalsinurini. Dawa peke yake haiikamati. Siklofilini peke yake haiikamati. Wakiwa wawili, wanaishika.

Kwa kawaida seli T ikiona adui, kalsiamu hupanda, kalsinurini huamka, huondoa fosfati juu ya protini ya NFAT, na NFAT huingia ndani ya kiini kuwasha jeni ya interleukini-2. Bila interleukini-2 seli T haziongezeki vizuri. Kalsinurini ikiwa imekamatwa, NFAT inabaki nje ya mlango. Ushahidi unaonitosha ni panya: waliokosa siklofilini A, siklosporini haiwatulizi kinga yao ipasavyo. Kama dawa ilikuwa inafanya kazi kwa kuizuia siklofilini, wao wangekuwa kama waliokunywa dawa tangu kuzaliwa.

Na takrolimusi, je?

Ni dawa nyingine ya kutuliza kinga, na hadithi yake ni ya namna ileile na mshirika mwingine. Ilitoka kwa bakteria wa udongo wa Tsukuba, Japani, inaungana na protini ya ukoo wa FKBP, kisha inaikamata kalsinurini ileile. Haigusi siklofilini. Kwa hiyo mgonjwa hatumii zote mbili pamoja: figo lingeumia mara mbili.

Mtoto wangu amevimba uso na miguu. Jirani anasema ni bwaki. Kwa nini muganga ameandika siklosporini?

Mama, swali hili linanigusa, kwa sababu mtoto wa dada yangu alipita njia hiyo. Aliamka asubuhi macho yamefungwa kwa uvimbe, jioni uvimbe umeshuka miguuni. Katika kituo kimoja cha afya walimtibu bwaki, yaani utapiamlo wa kwashakoo, kwa majuma kadhaa, wakisisitiza apewe soya na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Alikuwa anakula vizuri tangu mwanzo. Hakuna aliyeweka bandeleti, kile kijiti cha kupimia, kwenye mkojo wake. Siku ilipowekwa, sehemu ya protini ilibadilika rangi hadi mwisho wa kipimo: misalaba minne.

Ulikuwa ugonjwa wa nefrotiki: figo linavujisha protini, damu inapungukiwa albumini, protini yake kuu, maji yanahamia mwilini. Bwaki nayo hushusha albumini, kwa hiyo sura zinafanana, hasa mkoa huu ambao jicho limezoea bwaki. Bandeleti inatofautisha kwa dakika moja. Kwa mtoto aliyevimba, omba mkojo upimwe. Nakuomba usione haya kuliomba hilo.

Watoto wengi wenye nefrotiki hupona kwa predinizoni, dawa ya jamii ya steroidi. Wachache hawasikii predinizoni, au wanarudiwa kila ikipunguzwa. Hapo ndipo siklosporini huingia. Inanyamazisha seli T kama nilivyoeleza, na pia inasaidia zile seli za kichujio cha figo zenyewe zibaki na umbo lao. Muganga hakukosea. Lakini dawa hii inataka kufuatiliwa: tansiyo (presha), kreatinini (kipimo cha kazi ya figo), ufizi unaoota kupita meno, nywele zinazoongezeka, mikono inayotetemeka. Usiikatishe mwenyewe uvimbe ukishuka.

Na yale matone ya macho yenye siklosporini?

Ni dawa ileile kwa kiasi kidogo, kwa watoto wenye mzio mkali wa macho: yanawasha, ni mekundu, yana kamasi nzito, mtoto anasugua mchana kutwa, zaidi vumbi la kiangazi likianza. Dawa haizunguki mwilini kwa kiasi cha kusumbua figo. Muganga wa macho ndiye anayeamua.

Tunapimaje? Labo zinapima siklofilini?

Siklofilini yenyewe haipimwi kwa matibabu ya kila siku. Ni kipimo cha utafiti. Kinachopimwa ni kiasi cha siklosporini katika damu, na hapa siklofilini inarudi kwa mlango wa nyuma. Karibu nusu ya dawa iliyomo katika damu imo ndani ya seli nyekundu, kwa sababu seli hizo zina siklofilini inayoishikilia. Ukitenganisha damu na kupima plazma, unapoteza sehemu kubwa, na joto la chumba hubadilisha ni kiasi gani kinabaki wapi. Kwa hiyo tunapima damu nzima, kwenye tyubu ya EDTA yenye kifuniko cha zambarau. Mwanafunzi akiizungusha kwenye mashine ya kutenganisha, sampuli hiyo nairudisha.

Kwa mzazi: siku ya kipimo, usimpe mtoto dozi ya asubuhi nyumbani. Ibebe. Damu itolewe kwanza, ndipo anywe. Mara nyingi tunatafuta kiwango cha chini kabisa kabla ya dozi inayofuata, na ukishampa, namba itadanganya. Madaktari wengine huomba kipimo cha saa mbili baada ya dozi. Hapo saa iandikwe kwenye karatasi. Kabla ya kupanda pikipiki, uliza kwanza kama labo unayokwenda inapima au inatuma sampuli kwingine.

Ni dawa gani zinazogombana na siklosporini?

Nyingi, kwa sababu ini huivunja kwa enzimu moja inayovunja dawa nyingine nyingi. Rifampisini ya kifua kikuu huifanya ini ifanye kazi kupita kiasi, na kiwango cha siklosporini huanguka hadi kinga inaamka. Ketokonazoli, eritromisini na klaritromisini hufanya kinyume: kiwango hupanda na figo linaumia. Ritonaviri, inayotumika kwa baadhi ya wenye VVU, nayo hupandisha sana. Balungi, yaani pamplemusi, hupandisha pia, kwa hiyo liache. Chanjo zenye vijidudu hai, kama ya surua, hazipewi bila muganga kuamua.

Ninawasihi wazazi: ukienda farmasi ya mtaani kununua dawa ya kikohozi au ya kuvu, taja siklosporini kabla ya kutaja kikohozi.

Mwalimu, ni kweli siklofilini imo katika maziwa ya mama?

Ndiyo. Siklofilini B ilitambuliwa katika maziwa ya binadamu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wale wa Lille ndio walioanza nayo. Imo pia katika damu. Nyonyesha kwa amani.

Inahusiana vipi na VVU?

Kwa undani kuliko nilivyotarajia nilipokuwa mwanafunzi. Ndani ya kirusi kuna ganda linalofunika jeni zake, kapsidi. Mwaka 1993 ilionekana kwamba siklofilini A hushika protini ya ganda hilo, na mahali penyewe ni kitanzi kinachojitokeza, kwenye prolini ya nafasi ya 90. Kirusi kinapotoka katika seli hubeba siklofilini yetu, takriban moja kwa kila protini 10 za ganda.

Kwa miaka kadhaa watu walidhani fundi huyu anasaidia kulifungua ganda. Leo tunajua zaidi kwamba siklofilini ya seli inayoingiwa hulifunika ganda, hata askari wa ndani ya seli, TRIM5, ashindwe kulitambua vizuri. Kirusi kinajifunika kwa nguo ya mwenyeji. Kuna nyani wadogo wa usiku wa Amerika Kusini ambao kwao mambo yaligeuka: jeni ya siklofilini iliruka ikaungana na ile ya TRIM5, na askari akapata mkono unaokamata ganda moja kwa moja. Nyani hao huizuia VVU. Ugunduzi huo ni wa mwaka 2004.

Siklosporini haitibu sida. Kumnyamazishia kinga mtu ambaye kinga yake ndiyo inayoliwa ni hatari. Kuna dawa zilizotengenezwa kutoka kwake zisizokamata kalsinurini, kama alisporiviri, na hiyo ilijaribiwa hasa kwa homa ya ini ya C, ambayo kirusi chake nacho huhitaji siklofilini A ili kujizalisha.

Na malaria? Hapa ndiyo inayotuua.

Kiungo ni CD147, ule mti wa kufungia mtumbwi. Mwaka 2011 iligunduliwa kwamba Plasmodium falciparum, ili kuingia katika seli nyekundu, lazima protini yake ya RH5 ishike basigini, na kila aina ya kimelea iliyojaribiwa ilihitaji mlango huo huo. Kwa kawaida kimelea hiki kina njia nyingi za kuingia. Ukifunga moja hupita nyingine. Kukuta mlango mmoja ambao hakiwezi kuuruka kuliwapa watafiti nguvu, na chanjo inayolenga RH5 imekwisha kujaribiwa kwa watoto Burkina Faso. Siyo siklofilini inayofanya kazi hapo, ni kipokezi chake. Lakini mwanafunzi akielewa kwamba kwenye mti uleule tarishi hufunga kamba na mwizi hupandia, amefahamu jambo kubwa.

Kuna vimelea vinavyotumia siklofilini zao wenyewe kutuchokoza?

Toxoplasma gondii, yule wa paka na nyama isiyoiva. Siklofilini yake, C-18, hushika kipokezi cha CCR5 juu ya seli za dendriti za panya, seli za kinga zinazotoa taarifa ya adui, nazo zinamwaga interleukini-12 nyingi, zinazoamsha ulinzi mkali. Kimelea kinaonekana kujitangaza chenyewe. Maelezo ninayoyaona ya busara ni kwamba kinahitaji mwenyeji abaki hai, kwa hiyo kinga yenye nguvu ya kiasi inakifaa. Siklofilini za kuvu na za chavua za mimea nazo husababisha mzio kwa watu wengine, kwa kuwa zinafanana kiasi cha kuichanganya kinga.

Wakati wa Covid tulisikia CD147 ndiyo mlango wa kirusi. Ni kweli?

Ilipendekezwa mwaka 2020. Majaribio yaliyorudiwa kwa uangalifu hayakuona kirusi kikiishika moja kwa moja. ACE2, protini nyingine iliyo juu ya seli, ndiyo mlango unaojulikana.

Kuna chakula au mizizi ya kupandisha siklofilini?

Hapana, na hupaswi kuitafuta. Usitoe franka zako kwa mtu anayekuuzia hilo.

Ninataka kuandika TFC juu ya siklofilini. Nitaweza nikiwa Bukavu?

Utaweza ukichagua swali linalolingana na friji uliyonayo. Kupima siklofilini A katika seramu kwa ELISA, kipimo kinachofanywa kwenye sahani yenye visima vidogo, kunahitaji vifaa vinavyosafirishwa kwa baridi, na umeme ukikatika usiku kucha umepoteza sahani nzima na pesa za familia yako. Nimeona mwanafunzi akilia juu ya hilo.

Kuna maswali mengine yasiyohitaji sahani. Watoto wangapi waliolazwa kwa uvimbe walipimwa mkojo kwa bandeleti siku ya kwanza, na wangapi baada ya juma moja? Kati ya wenye nefrotiki, wangapi hawakusikia predinizoni? Wagonjwa walioandikiwa siklosporini, wangapi walikuwa na rifampisini kwenye faili ileile? Majibu yako katika madaftari ya hospitali, ukipewa ruhusa ya kamati ya maadili. Sehemu ya nadharia ya kazi yako itaeleza matete na mti, kalsinurini na NFAT, na msomaji ataona kwa nini ulihesabu ulichohesabu.

Njoo na ukurasa mmoja: swali lako juu, safu za jedwali lako chini. Jumatano mchana huwa niko labo.